Mtoto wa miezi 10 kwenye baiskeli: mbele, nyuma, au asubiri kwanza?

Swali: "Nina mtoto wa kiume wa miezi 10, ana kilo 9 na nusu, na sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Baiskeli ndiyo usafiri wangu wa kila siku na nataka nianze kumpakia. Ninunue kiti cha mbele au cha nyuma? Mume wangu anasema nisihangaike, nimfunge mgongoni tu twende. Mama mkwe anasema nisithubutu mpaka afikishe miaka mitatu. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, mumeo hapana. Mama mkwe ana hoja, ila miaka aliyoitaja imezidi. La mbele au nyuma nitakujibu, lakini si hilo linaloninyima raha ninapowaona wazazi wakipakia watoto. Nimetengeneza baiskeli na kufundisha watu kuziendesha kwa miaka mingi, na watoto niliowaona wakianguka pamoja na kiti, wengi wao walianguka baiskeli ikiwa imesimama.

Wa kwangu ni mmoja wao. Alikuwa na mwaka na nusu. Nilishamfunga mikanda, nikaiegemeza baiskeli kwenye stendi yake ya mguu mmoja, nikageuka kuokota mfuko wangu uliokuwa hatua mbili tu nyuma yangu. Mtoto akaona paka, akainama upande kumtazama. Usukani ukajigeuza wenyewe, gurudumu la mbele likajiviringisha kidogo, stendi ikakunjika. Nilisikia kishindo kabla sijageuka. Helmeti yake ilipasuka kwa ndani, ufa wa urefu wa kidole, yeye akatoka na mkwaruzo wa kiwiko na kilio cha dakika 20. Ufa ule ungekuwa wapi kama ningesema "helmeti nitamvalisha tukishaanza safari", sipendi kufikiria. Stendi ya mguu mmoja imeundwa kuibeba baiskeli tupu iliyolala kidogo upande mmoja. Ukiiwekea kilo 12 zinazochezacheza karibu mita moja juu ya ardhi, hiyo si stendi tena, ni mtego. Nitarudi hapo.

Kwanza umri. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Mwanao wa miezi 10 bado yuko karibu zaidi na hesabu ile ya kwanza, na shingo inayobeba kichwa hicho bado inajengeka. Barabarani kila shimo linamrusha kidogo, na juu ya hapo unamwongezea helmeti ya gramu 200 hadi 300. Ndiyo maana American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kinashauri mtoto asipakiwe kwenye baiskeli kabla hajatimiza mwaka, na jimbo la New York limeliweka hilo kwenye sheria kabisa. Uholanzi wenzetu wanaanza mapema, lakini tazama wanavyofanya: watoto hao wadogo wanalazwa ndani ya baiskeli za sanduku, kwenye kiti kinachofanana na kile cha gari, katika njia laini za baiskeli peke yake. Huwezi kuuchukua umri wao ukaiacha barabara yao.

Kwa hiyo subiri hiyo miezi miwili. Uzito wake usikudanganye. Ni kweli viti vingi vinaanzia kilo 9, na yeye keshazipita, lakini kilo zinakuambia kama kiti kitamfaa, hazikuambii kama shingo yake iko tayari. Na hiyo miezi miwili si ya bure. Nunua helmeti sasa hivi, umvalishe nyumbani anapocheza sakafuni nawe ukiwa hapo hapo, dakika 5 leo, 10 kesho kutwa. Siku atakayokaa nayo nusu saa bila kichwa kuanza kuyumba wala kidevu kuangukia kifuani, ujue yuko tayari. Asipofikia hapo akiwa na mwaka mmoja, subiri tena. Wapo watoto wa miezi 14 ambao nimewaambia wazazi wao warudi baadaye.

Sasa mume. Najua nia yake ni njema, na akili yake inamwambia kwamba mgongoni mtoto ameshikwa imara kuliko kwenye plastiki. Tatizo ni kwamba mgongoni mtoto anakuwa sehemu ya anguko lako. Baiskeli ikiteleza, mtu huangukia ubavu au mgongo, na hapo katikati yako na barabara kuna nani? Kichwa chake kiko juu sawa na bega lako, hana ganda la kumkinga ubavuni, na uzito wake umeongezeka sehemu ya juu kabisa ya mwili wako, pale ambapo baiskeli huhisi kila mtikisiko. Kiti kizuri kinaanguka na mtoto akiwa ndani yake, na kingo zake ndizo zinazogusa ardhi kwanza. Uholanzi mtoto chini ya miaka 8 lazima awe na kiti kinachoegemeza mgongo, mikono na miguu. Ujerumani sheria inataka kiti maalumu kwa mtoto chini ya miaka 7, anayeendesha awe ametimiza miaka 16, na inataja waziwazi kwamba lazima kuwe na kizuizi cha kuzuia miguu ya mtoto isiingie kwenye spoki. Sheria ya nchi nzima kukaa chini na kuandika habari za spoki, jua kuna visigino vilivyoumia kwanza.

Mbele au nyuma, basi. Kiti cha mbele, kwa kiwango cha Ulaya cha EN 14344, ni cha mtoto wa kilo 9 hadi 15. Cha nyuma ni kilo 9 hadi 22. Maana yake cha mbele utakitumia mpaka mtoto awe na miaka mitatu hivi, yaani kinaisha pale pale mama mkwe anaposema ndipo tuanze. Cha nyuma kinaweza kukufikisha miaka mitano au sita.

Kiti cha mbele kina utamu wake, sitaki kukuficha. Unamwona, mnaongea, anakuonyesha ng'ombe na lori, na uzito wake uko katikati ya magurudumu kwa hiyo baiskeli haiyumbi nyuma. Lakini magoti yako yanalazimika kupanuka kila unapokanyaga pedali, na ukiwa mfupi au fremu yako ni ndogo utachoka kabla ya kona ya pili. Upepo wote na vumbi lote vinampiga yeye. Akisinzia, kichwa kinaangukia kwenye usukani. Vidole vyake viko jirani na breki na kengele, kengele ikiwa ndiyo afadhali. Na ukifunga breki ya mbele kwa ghafla, yeye ndiye wa kwanza mlangoni.

Mimi ningekushauri cha nyuma, chenye mgongo mrefu unaopita kichwa, kingo za pembeni, mkanda wa mabega yote mawili na kingine cha katikati ya mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake ni pambo, mtoto wa mwaka mmoja anauchomoka kama samaki. Kuna aina mbili za kukifunga. Kimoja kinakaa juu ya keria, kingine kinashikwa na fito mbili za chuma zinazochomekwa kwenye kibano kilichofungwa kwenye bomba la kiti la fremu. Napendelea hiki cha pili, kwa sababu zile fito zinanesa kidogo na kumeza mishtuko ya barabara kabla haijafika kwenye uti wa mgongo wa mtoto. Cha keria kinafaa pia, ila isome keria yenyewe: uzito inaouruhusu huwa umepigwa muhuri juu yake. Ikiandikwa kilo 25, hizo ni kilo za mtoto pamoja na kiti. Isiyoandikwa chochote mimi siifungii mtoto. Na fremu ya kaboni haifungiwi kiti chochote, mwenye nayo atafute njia nyingine.

Kwenye ubavu wa kiti cha nyuma tafuta alama ndogo, mara nyingi duara lililogawanywa mara nne. Hapo ndipo uzito wote wa mtoto unapokutana. Simama kando ya baiskeli, teremsha jicho kutoka kwenye alama hiyo moja kwa moja hadi chini. Ikiwezekana iangukie mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma, au nyuma yake kwa sentimita zisizozidi 10. Ikizidi hapo, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kwenye mlima utaona usukani unaelea mkononi kama si wako.

Kabla hujakifurahia kiti kipya, chuchumaa nyuma ya baiskeli utazame mambo mawili. La kwanza ni springi za tandiko lako. Mtoto wa nyuma anazifikia, wewe unakaa, zinabonyea, na vidole vimo ndani. Zifunike kwa kifuniko au badilisha tandiko. La pili ni spoki. Tufanye hesabu ndogo: gurudumu la inchi 26 lina mzunguko wa mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao hata si mbio, linazunguka mara mbili kila sekunde. Kama lina spoki 36, basi spoki zaidi ya 70 zinapita mbele ya unyayo wa mtoto katika sekunde moja. Mguu ukiingia hautoki. Unavutwa hadi kwenye fremu, na kinachoumia ni kisigino na kifundo, pengine ngozi yote ya nyuma ya kisigino inabanduka. Nimeshautoa mguu wa kitoto humo kwa kukata spoki moja moja kwa koleo, sitaki kurudia. Majeraha ya namna hii huwapata sana watoto wanaokalishwa kwenye keria tupu miguu ikining'inia. Kiti kizuri kina vibanda vya miguu vyenye ukuta kwa upande wa gurudumu na mikanda ya kufunga unyayo. Ifunge kila safari, hata ya kwenda hapo tu. Viatu vya kamba, kamba ziingizwe ndani. Shali, khanga, koti la mvua, chochote kinachoweza kushuka kikafika kwenye gurudumu, kikalie au kiache nyumbani.

Helmeti nayo. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, si juu ya paji kama kofia ya sherehe. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu kibaki kidole kimoja au viwili. Zipo helmeti za watoto wadogo zilizotengenezwa kwa kiwango cha EN 1080, zenye kifungo cha kijani kinachojiachia kikivutwa kwa nguvu. Sababu yake ni ya kusikitisha: watoto walikuwa wakiteremka kwenye baiskeli wakakimbilia kupanda vyuma vya kuchezea wakiwa na helmeti, ikanasa, mkanda ukawakaba. Ya aina yoyote ile, mtoto akishuka helmeti inavuliwa ndipo aende kucheza. Ikishapata pigo zito inatupwa, hata kama nje inang'aa. Ile ya mwanangu kwa nje ilikuwa na alama moja tu.

Unapochagua kiti, nenda na helmeti na mtoto. Kisogo cha helmeti kinachomoza nyuma, na kama mgongo wa kiti ni bapa, kichwa kinasukumwa mbele na kidevu kinabanwa kifuani. Hapo hata kupumua vizuri hawezi, sembuse akilala. Tafuta kiti chenye shimo au uwazi nyuma ya kichwa.

Haya, umenunua, umefunga. Mtoto bado haingii. Chukua dumu la lita 10, lijaze maji nusu, lifunge kwenye kiti kwa mikanda yake. Nasema nusu kwa makusudi: maji yataenda kushoto ukitaka kwenda kulia, na hivyo ndivyo mtoto anavyofanya akiona kitu kizuri. Nenda uwanjani au mahali pasipo na magari. Anza na kusimama mara 20. Pita kona finyu. Geuza shingo utazame nyuma bila usukani kuyumba. Funga breki kwa nguvu. Kisha ongeza maji. Ukiwa wewe na baiskeli yako mna kilo 82, mtoto wa kilo 10 na kiti cha kilo 4 wanaongeza asilimia 17 ya mzigo ambao breki lazima ziusimamishe. Atakapofikisha kilo 22 ni karibu theluthi. Mipira ya breki iliyokuwa "inatosha tosha" haitoshi tena. Badilisha, na tairi zijazwe upepo zaidi kidogo, ndani ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake.

Katika mazoezi hayo utagundua jambo ambalo dukani hakuna anayekuambia: huwezi tena kupanda baiskeli kwa kuzungusha mguu kwa nyuma. Utampiga mtoto teke la uso. Lazima mguu upite mbele, kati ya tandiko na usukani, na kwa hiyo baiskeli ya kike, yenye bomba lililoshuka, inakuwa na thamani kubwa kuliko gia 21. Tandiko nalo lishushe mpaka nyayo zako zote mbili zikanyage chini sawasawa ukiwa umekaa. Utakanyaga pedali kwa taabu kidogo. Vumilia.

Sasa ile baiskeli iliyosimama. Nunua stendi ya miguu miwili, ile pana inayoinua gurudumu. Hata hiyo ni msaidizi tu, haishiki zamu yako. Funga lastiki nene kwenye mkono wa breki ili magurudumu yasizunguke. Mizigo yako yote ipakie kwanza, mlango ufunge kwanza, simu iweke mfukoni kwanza. Mtoto huvalishwa helmeti akiwa chini, kisha anakuwa wa mwisho kupanda. Iegemeze baiskeli kwenye nyonga yako, mwingize mtoto, funga mabega kabla ya miguu, na tangu hapo mkono mmoja hautoki kwenye baiskeli mpaka umekaa. Kushuka ni kinyume chake: miguu inafunguliwa kwanza, mabega mwisho, na yeye ndiye mzigo wa kwanza kushushwa. Ukisahau kitu ndani ya nyumba, mshushe mwende wote. Najua inachosha. Mimi nilikuwa na hatua mbili tu kuufikia mfuko wangu.

Barabarani penyewe sina mengi, kwa kuwa wewe tayari ni mwendeshaji wa kila siku. Mashimo uliyozoea kuyapita kwa kuinuka kwenye tandiko sasa yakwepe au punguza mwendo, kwa sababu wewe unainuka, yeye hainuki. Kumbuka pia kwamba wewe unatoka jasho na yeye amekaa kimya kwenye upepo: simama umguse nyuma ya shingo, ndipo ujue kama ana baridi au joto. Jua likiwa kali, gusa vifungo vya mikanda kabla havijamgusa yeye. Akilala na kichwa kikaanguka, safari imekwisha mpaka aamke au mpaka utembee ukiikokota.

Kuna tela la watoto pia, lenye magurudumu mawili, linalovutwa kutoka kwenye ekseli ya nyuma. Faida yake kubwa ni kwamba baiskeli ikianguka lenyewe hubaki limesimama, na linabeba wawili. Ila ni pana, liko chini usawa wa mabomba ya moshi ya magari, dereva wa lori halioni bila bendera ndefu, na kwenye barabara ya mawe linarusha kuliko kiti. Kwa mtoto mmoja na matumizi ya kila siku nisingeanzia huko. Mkija kuwa na wa pili tuzungumze.

Safari ya kwanza iwe ya dakika 10, siku usiyo na haraka ya kwenda popote. Ukirudi na kumshusha, chukua spana uzikaze tena bolti za kibano cha kiti, maana zikiwa mpya hulegea kidogo zikishabeba mtu. Na mama mkwe mwombe akushikie usukani wakati unampandisha mjukuu wake. Mikono miwili zaidi dakika ile ina thamani, na nina hakika yeye hatageuka kuokota mfuko.